Somo, shemeji anataka tangi la dizeli hatua 12 tu kutoka kisimani kwetu

Assalam aleikum Somo,

Nakuandikia usiku huu watoto washalala na mume wangu yuko baharini, mana mchana nikikamata simu kuandika maneno marefu kila mtu anachungulia. Naomba kijiji chetu usikitaje, sema tu Kusini Unguja inatosha.

Mie nina watoto wanne, nimeolewa mwaka wa 14 huu na tangu nimeolewa tunakaa nyumba moja na mama mkwe, namshukuru Mungu tunaelewana sana tu. Mume wangu mvuvi, mie nalima mwani na asubuhi napika mikate ya kuuza. Kaka mkubwa wa mume wangu yuko Uingereza zaidi ya miaka 20, na huyu shemeji ndo nguzo ya nyumba, ada za skuli za wanangu wawili anatoa yeye, mama akiumwa pesa ya dawa inatoka kwake, na mwaka juzi akaanza kujenga vyumba vitano upande wa mbele wa kiwanja vya kukodisha wageni. Vishaezekwa, vimebaki rangi na milango.

Sasa tatizo ni umeme. Kwetu unakatika mara kwa mara na shemeji anasema mgeni hawezi kulala na joto lile bila feni, kwa hivo kanunua jenereta, ishafika, na anataka tuweke na tangi la dizeli la lita 2,500. Anasema kule kwake wanapasha moto nyumba kwa mafuta, tangi limekaa uwani mwaka wa 11 halijaleta shida hata siku moja, analijaza kabla ya baridi kuanza basi wanamaliza nalo msimu. Katutumia picha, tangi la kijani zuri, limesimama juu ya zege. Fundi keshakuja kupima. Na sehemu aliyoichagua ni uwani kwetu nyuma ya jiko, ili wageni wasilione na gari la mafuta lipite uchochoro wa pembeni.

Somo, nimehesabu hatua kwa miguu yangu. Toka pale fundi alipochora mpaka kisimani hatua 12. Mpaka mlango wa jiko hatua nne, na jiko letu la kuni, mafiga matatu na paa la makuti, na kwa nyuma kuna banda la kuni ambalo mume wangu anaweka madumu ya petroli ya mashine ya boti. Kiwanja chetu chote toka kisimani mpaka barabarani hakifiki hatua 60. Na kisima chenyewe alikichimba marehemu mkwe wangu akakiacha kuwa sadaka, nusu ya mtaa wanateka kwetu siku bomba halitoi, na siku hizo si chache.

Nilimwambia mume wangu, akanijibu "mie kaka simuingilii". Nikamwambia mama mkwe, akanambia mwanangu huyu kaishi Ulaya anajua kuliko sie. Nikajikaza nikamrekodia shemeji ujumbe wa sauti, akanijibu kwa upole kabisa, shemeji usiogope, dizeli si bomu. Basi tangu hapo silali. Naota moto. Watoto wakicheza uwani mie naliona tangi limeripuka nao pale pale.

Nikisema sana nitaonekana sina shukurani, mtu ananisomeshea wanangu. Jirani mmoja kanambia niende kwa sheha nikamshitaki shemeji kabla hajajenga. Nikinyamaza na likaja kutokea la kutokea, nitamwambia nini Mungu? Fundi anaanza zege baada ya mwezi mmoja. Nifanye nini Somo, au mie ndo muoga tu?

Mama wa uwani, Kusini Unguja

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma usiku nikairudia tena alfajiri, na kila nikifika pale ulipohesabu hatua kwa miguu yako nasimama. Hiyo kazi fundi hajaifanya wala shemeji hajaifanya, na kaka mtu alieko mbali angeshukuru kama angejua kuna mtu nyumbani anapima hivo kwa niaba yake. Kwa hivo neno la muoga litoe kwenye barua.

Nikikuelewa vizuri umeniletea mambo mawili yamefungwa kwenye pindo moja la kanga. La kwanza tangi likae wapi na liwe la namna gani. La pili mtu anaemtegemea mwenzake atamwambia vipi kwamba hapa pana kasoro, bila kuvunja kitu. Naanza na la kwanza mana hilo lina vipimo, na vipimo vinasaidia sana mtu asie na nguvu ya pesa kwenye mazungumzo.

Unaogopa mripuko. Shemeji yako kakwambia dizeli si bomu, na kwa hapo kasema kweli. Dizeli mpaka ipate joto la kama nyuzi 50 na kitu ndo inatoa mvuke wa kutosha kushika moto, haishiki kirahisi kama watu wanavodhani. Sisemi uiweke karibu na mafiga na makuti, jiko likishika moto na tangi liko hatua nne hiyo ni habari nyengine kabisa, dizeli ikishapata moto mkubwa inawaka na kuizima kazi. Lakini ile ndoto yako ya tangi kuripuka lenyewe watoto wakicheza, hiyo mwanangu nakuomba uipunguze kidogo, mana nahisi imekuziba macho usione viwili ambavyo viko karibu zaidi.

Cha kwanza umekiandika mwenyewe kwa mstari mmoja tu ukapita. Madumu ya petroli kwenye banda la kuni, nyuma ya jiko la moto. Petroli haingoji joto, inatoa mvuke saa zote hata penye baridi ya barafu, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa kwa hivo haupandi juu ukapotea, unatambaa chini chini sakafuni mpaka ukutane na kaa la moto. Hiyo hatari haingoji shemeji wala fundi, iko kwenu leo, imekaa hapo miaka na mmeizoea. Sikulaumu, nyumba ngapi za wavuvi ziko hivohivo. Ila zungumza na mume wako, na hili atakusikiliza mana ni lake, madumu yatoke pale yaende mahali penye kivuli na hewa, mbali na moto wowote, pafungwe watoto wasifike, na aweke ya safari moja tu, asirundike. Awaulize wenzake dikoni kama wanaweza kuwa na banda moja la pamoja. Na nikwambie jengine, kama hamkuyatoa, siku ukizungumza usalama shemeji atakuuliza "na petroli yenu je?" na utakosa jibu.

Cha pili ni kisima. Hapa ndo moyo wangu ulipo na nadhani ndo tatizo lenyewe hasa.

Huko Kusini mnakaa juu ya mawe ya matumbawe, unajua wewe kuliko mie, ukimwaga ndoo ya maji uwani dimbwi halikai, linanyweka pale pale. Yale mawe yana matundu na nyufa mpaka chini, hayachuji kitu. Na maji matamu mnayoteka yanaelea juu ya maji ya chumvi, tabaka tu, ndo mana kisima cha pwani kinapanda na kushuka na bahari. Sasa dizeli nyepesi kuliko maji, ikishuka inakwenda kukaa juu ya hilo tabaka hilo hilo mnaloteka. Na haihitaji tangi kupasuka. Mpira wa bomba ukichoka ukawa unatoa tone moja kila sekunde, ni kama lita nne kwa siku, na kama bomba limefukiwa chini ya ardhi hakuna atakaeliona tone hilo mpaka siku ndoo ije inanuka. Na hapo hata mkiyachemsha maji hayasafiki. Mafuta yakishaingia kwenye mawe kuyatoa ni shida kubwa, kisima kinaweza kufungwa miaka.

Mafuta mengi pia humwagika siku ya kujaza, mtu anajaza huku anazungumza na simu mara limefurika. Na hewa yenu ya bahari inakula chuma, koki na nati zinaoza upesi.

Halafu kumbuka kisima ni nini kwenu. Mwaka 2008 Unguja tulikaa kama mwezi mzima bila umeme, na tena toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 miezi mitatu kisiwa kizima kiza, waya wa kutoka bara uliharibika. Wewe wakati ule labda ulikuwa msichana. Pampu za maji zilisimama na watu wakarudi visimani na kamba na ndoo. Kwa hivo siku ile umeme utakapokatika kweli kweli, siku ambayo shemeji yako anajiandaa nayo, ndo siku hiyohiyo mtaa mzima watakuja kwenu kuteka. Haya mambo mawili yasigombane.

Nakuuliza sasa, umeshamuuliza shemeji kwa nini lita 2,500? Pengine ile miezi mitatu alikuwa kule mbali anamsikia mama yake kwenye simu yuko gizani na roho inamuuma, na mtu akishaumwa hivo anaweka akiba kubwa. Au pengine ni mazoea tu, kule tangi la ukubwa huo ni la kawaida mana nyumba inapashwa moto miezi na miezi. Jenereta ni kitu chengine. Angalia kibati chake kilichoandikwa nguvu yake, kama ni ya kva 10 hivi itakunywa kama lita mbili na nusu kwa saa. Lita 2,500 zitaiendesha saa 1,000, yaani siku 41 mchana na usiku bila kuzimwa. Umeme wenu unakatika saa ngapi kwa wiki? Fanya hesabu hiyo na mume wako. Pipa moja la lita 200 ni saa 80, zaidi ya siku tatu mfululizo. Na dizeli si ya kuweka milele, ikipita miezi sita mpaka mwaka inaanza kuharibika, hasa kwenye unyevu kama wetu, maji yanajikusanya chini ya tangi na kunaota ute unaoziba filta. Atanunua mafuta ya mamilioni, yaozee tangini, na jenereta ife. Hii hoja haina matusi ndani yake wala haimwambii mtu kakosea, inamuokolea pesa zake.

Na kuhusu lile tangi la kijani kwenye picha. Kule Uingereza hawaweki popote tu. Tangi linakaa juu ya sakafu ya zege iliyozidi upana wa tangi sentimita 30 kila upande, linakaa angalau mita 1.8 toka kwenye mlango au dirisha la nyumba. Na likiwa ndani ya mita 50 na kisima, au mita 10 na mto, lazima liwe na kinga ya pili, tangi ndani ya tangi, au likae ndani ya birika la kuta za zege linaloweza kubeba mafuta yote na zaidi, asilimia 110 ya tangi. Pengine shemeji yako hana kisima karibu na nyumba yake, kwa hivo hilo halijawahi kumgusa. Mita 50 kwa hatua zako ni kama 65, na umenambia kiwanja chote hakifiki 60. Maana yake hakuna pembe yoyote ya kiwanja chenu iliyo mbali ya kutosha kwa kipimo cha kule alikotoa picha. Sheria yao haisemi basi usiweke, inasema uweke kinga. Na zile mita 1.8 usizichukue ukaridhika eti hatua nne ni zaidi, kipimo kile hakikufikiria mafiga na makuti.

Kwa hivo njia ninazoziona mie, na kila moja ina lake.

Likikaa pale pale alipochora fundi, kwa birika la zege na bomba la juu linaloonekana, shemeji ameridhika na wewe umepata nusu. Lakini birika bila paa mvua ya masika italijaza, na birika lililojaa maji halizuii mafuta tena, na mtu akitoboa tundu la kutolea maji akalisahau wazi ni sawa na kutokuwa na birika. Itabidi apatikane mtu wa kuliangalia kila wiki na umuulize shemeji huyo ni nani, mana nahisi ni wewe.

Likihamia upande wa barabarani karibu na vyumba vipya, linakuwa mbali na kisima, moto na watoto wa uwani, na gari linajaza bila kuingia ndani. Wageni wataliona, hilo shemeji hatolipenda, ingawa ukuta wa matofali wenye matundu ya hewa na paa la bati unaficha. Na bado birika linahitajika. Ila kabla hujalipendekeza, mvua ikinyesha simama uwani uangalie maji yanakimbilia wapi. Kama kiwanja kinateremkia kisimani toka barabarani utakuwa umelisogeza bure. Na lita 2,500 ni zaidi ya tani mbili, ardhi ya matundu iangaliwe vizuri kabla ya kumwaga zege.

Njia ya pipa moja au mawili tu, kwenye beseni la zege, ndani ya kibanda cha hewa, mafuta yananunuliwa kidogo kidogo sheli, ndo inayonivutia mie nikisema ukweli, lakini ina usumbufu wa kubeba, na mafuta yakiadimika mjini kama yanavoadimika siku nyengine mtakuwa na siku tatu tu mkononi. Kuna na sola na betri kwa feni na taa, jenereta ikabaki ya dharura, pesa ya mwanzo kubwa. Ila chochote mtakachochagua msikubali tangi jeusi la maji litiwe dizeli, halikutengenezwa kwa mafuta, na fundi wa bei rahisi atawaletea hilo.

Sasa watu.

Umesema mume wako hamuingilii kaka yake na nimehisi umeumia. Mie sijui kilichomo moyoni mwake, lakini mvuvi anaelishwa wanawe ada na kaka yake huenda anabeba aibu ambayo hajakwambia. Usimtake akapambane. Mtake akae na wewe mpime, ashike kamba, aandike vipimo. Mwanamme akiwa na karatasi mkononi anaweza kumwambia kaka yake "kaka tumepima hapa, tazama" bila kujihisi kamvunjia heshima.

Mama mkwe wako nadhani hajaelezwa kitu kimoja. Ameambiwa habari za umeme na akaonyeshwa picha. Kaambiwa na nani kuwa jambo hili linaweza kugusa kisima cha marehemu mume wake? Kaa nae jioni, usimlalamikie mwanawe, mwambie tu "mama, mie nafikiria maji ya baba". Kisha nyamaza, muache afikiri. Hatari iko, mama akilichukua kwa ukali akampigia mwanawe usiku huohuo shemeji atajua limetoka kwako. Pima wewe, unamjua kuliko mie.

Na shemeji mwenyewe, hebu rudi kwake kwa njia ya kuuliza. Muulize tangi lako kule limekaa umbali gani na nyumba, lina ganda moja au mawili, na kama pangekuwa na kisima wangekwambia uweke vipi. Mtu aliekaa na tangi miaka 11 atakuwa na majibu na atafurahi kuulizwa. Umtumie na picha ya kisima, na watu wakiteka asubuhi. Anaweza kuona unamzunguka, hilo lipo. Lakini keshakujibu kwa upole mara moja, mie nimelishika hilo.

Kwa sheha usikimbilie kumshitaki mtu. Kushitaki ndugu kabla hujamaliza maneno ya ndani kunaacha jeraha refu. Ila sheha, watu wa Zimamoto, na watu wa mazingira wa ZEMA wanaweza pia kuulizwa ushauri, nyumba ikawaita wenyewe waje waone kabla ya zege, na hili shemeji anaweza hata kulipenda kwa kuwa anafungua biashara ya wageni na siku moja atataka karatasi zake ziwe sawa. Kama milango yote ya ndani imefungwa na zege linamwagwa kesho, hapo utakuwa na swali zito na utalijibu wewe, mie sitokulaumu kwa jibu lolote.

Mwezi mmoja ni mwingi kwa mtu alieanza kupima. Petroli ianze kutoka bandani wiki hii. Mvua ikinyesha angalia uwani, kisha uniandikie maji yamekwenda upande gani, na mama mkwe amesema nini.

Wako,
Somo